"Section", "Clause", "Paragraph": Majina ya Kiingereza ya Sehemu za Maandiko

Barua ya kumfukuza mtu kazi aghalabu huwa fupi. Na uchukuliwe mfano wa mfanyakazi wa ghala aliyekwenda nyumbani kumzika mama yake, akakawia huko siku tisa. Aliporudi alikabidhiwa karatasi moja. Karatasi hiyo ilisema kwa Kiingereza kwamba amevunja "clause 9" ya mkataba wake, na ya kwamba kwa mujibu wa "section 44(4)(a)" ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo.

Mtu huyu si mjinga. Amesoma mpaka darasa la nane, na Kiingereza cha kila siku akifahamu. Akamwomba mtoto wa ndugu yake amtafutie sheria hiyo katika simu, akaisoma "section 9" yake, akaona yaeleza habari za mkataba ulioandikwa, na jinsi mtu asiyejua kusoma anavyopaswa kuelezwa mkataba wake kwa lugha anayoifahamu. Basi akakesha akiandika jibu la kurasa mbili: kwamba yeye ajua kusoma, kwamba alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba hakufanya jambo lolote kinyume cha "section 9". Jibu lake lilikuwa la kweli tangu mwanzo hadi mwisho, lakini halikugusa hata kidogo neno alilolaumiwa. Ile "clause 9" iliyotajwa na mwajiri haikuwamo katika sheria. Ilikuwamo katika mkataba wake mwenyewe, ndani ya bahasha iliyolala chini ya godoro, nayo ilisema kwamba mfanyakazi aliyefiwa atapewa siku saba, na akihitaji zaidi ampigie simu msimamizi kabla siku hizo hazijaisha. Naye alikuwa amempigia simu siku ya sita! Jambo hilo, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu ya kumtetea, hakuliandika kabisa.

Kosa lake lilitoka wapi? Lilitoka katika kudhani kwamba "clause" na "section" ni kitu kimoja, kwa sababu yote mawili kwa Kiswahili huitwa kifungu. Makosa ya namna hii hufanywa na watu wengi, wakiwamo makarani na wanafunzi wa shule za sekondari, na hata wale wanaoandika magazeti. Mwanafunzi hutafuta katika kamusi, akaona "section" ni sehemu, "part" ni sehemu, "passage" ni sehemu ya maandiko, naye hubaki na sehemu tatu mikononi asijue aitumie ipi.

Wengine hudhani kwamba maneno haya hutofautiana kwa ukubwa, kama vile kibaba, pishi na gunia. Wangependa kuambiwa kwamba "clause" ni ndogo kuliko "paragraph", na "paragraph" ni ndogo kuliko "section", kisha mambo yaishe. Lakini sivyo. Katika Kiingereza, jina la sehemu ya maandiko hufuata aina ya maandiko yenyewe. Mkataba una majina yake, Sheria ya Bunge ina yake, Katiba ina yake, na shairi lina yake. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza si "Sehemu hii ina ukubwa gani?" bali "Hii ni hati ya namna gani?"

Na yaanzwe maandiko ya sheria, maana ndiyo yanayoweza kumpotezea mtu mshahara au shamba.

Neno "section" ni jina la kila kipande chenye nambari katika Sheria iliyokwisha kupitishwa na Bunge na kutiwa sahihi na Rais. Ndani ya "section" mna "subsection", ambayo huandikwa kwa nambari iliyofungwa kwa mabano, kama (4). Ndani ya hiyo mna "paragraph", ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, kama (a). Basi "section 44(4)(a)" si nambari moja ndefu kama ya simu. Ni njia ya kuingilia nyumbani: kwanza mlango wa 44, kisha chumba cha 4, kisha rafu ya a. Katika rafu hiyo ya Sheria ya Ajira mna neno la mtu anayekosa kufika mahali pake pa kazi bila ruhusa na bila sababu nyingine ya halali. Maneno hayo ya mwisho, ya sababu ya halali, ni muhimu sana kwa mtu aliyekwenda kuzika, lakini hatayaona asiyejua njia ya kufika rafuni.

Neno "clause" lina makao zaidi ya moja, na hapo ndipo panapoleta matata. Makao yake yanayojulikana zaidi ni mkataba. Mkataba wa kazi, wa kukodi nyumba, wa kununua gari kwa malipo ya kila mwezi, wote hugawanywa kwa "clauses". Mtu akiona "clause" katika barua ya mwenye nyumba, na afungue mkataba aliotia sahihi, asiende kutafuta katika vitabu vya Serikali.

Makao ya pili ni Mswada. Jambo linalopendekezwa Bungeni huitwa "Bill" kabla halijawa sheria, na vipande vyake vyote vyenye nambari huitwa "clauses". Wabunge hubishana juu ya "clause" moja baada ya nyingine. Nyingine hubadilishwa, nyingine hufutwa, na nambari zaweza kusogea. Siku Rais anapotia sahihi, "Bill" hugeuka kuwa "Act", na kila "clause" iliyosalia hugeuka kuwa "section". Kiwavi na kipepeo ni mdudu mmoja, lakini hakuna amwitaye kiwavi kwa jina la kipepeo. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 waonyesha jambo hili vizuri. Nchi nzima ilizungumza habari za vipande vyake. Bunge la Taifa likaupitisha tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kwa hiyo hakuna hata "clause" moja ya Mswada ule iliyopata kuwa "section". Mtu akiandika kwa Kiingereza juu ya "section" fulani ya "Finance Bill, 2024", ataja kitu kisichozaliwa.

Makao ya tatu ya "clause" ni ndani ya Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo ina sura 18, nazo huitwa "Chapters". Vipande vyake vyenye nambari ni 264, navyo huitwa "Articles". Na mwishoni mna majedwali sita yaitwayo "Schedules". Sura zake hazikugawanywa kwa "sections" kama ilivyo katika Sheria za Bunge. Kila "Article" ikigawanywa, vipande vyake vyenye nambari katika mabano huitwa "clauses", na vyenye herufi huitwa "paragraphs". Kwa mfano, mtu aliyekamatwa ana haki ya kufikishwa mahakamani upesi iwezekanavyo, na saa ishirini na nne zisipite. Au zikiishia wakati mahakama imefungwa, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Haki hiyo imo katika "Article 49(1)(f)". Ndugu wa mtu aliyekamatwa akienda kituoni na kudai "section 49", ofisa aweza kumwuliza, "Ya sheria gani?" naye asiwe na jibu, kwa maana "section 49" zimo katika sheria nyingi. Akisema "Article 49 of the Constitution" hapana swali la kuulizwa.

Hapa wazee huweza kusema kwamba wao walikuwa wakisikia "section" za Katiba miaka mingi, wala hakuna aliyewakosoa. Ni kweli, nao hawakukosea. Katiba iliyotumika kabla ya mwaka 2010 iligawanywa kwa "sections". Iliyosikika sana kuliko zote ni "section 2A", iliyoongezwa mwaka 1982 ili Kenya iwe nchi ya chama kimoja, nayo ikafutwa mwezi wa Desemba 1991. Anayeandika historia na aiite kwa jina lake lile lile. Akiandika "Article 2A" atakuwa amebatiza upya kitu cha marehemu. Lakini Katiba ya sasa ina "Articles", na mazoea ya zamani yasihamishwe kuletwa humu.

Kwa wale ambao bado wangependa kupima kwa ukubwa, Katiba ya Marekani yatosha kuwakatisha tamaa. Katiba ile ina "Articles" saba tu, nazo ni kubwa kama sura. Ndani ya kila moja ya zile kubwa mna "sections", na ndani ya "section" mna "clauses". Kule "Article" ni mama na "section" ni mtoto. Tangazo la Haki za Binadamu lililotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948 lina "Articles" 30, na nyingi kati ya hizo ni za sentensi moja au mbili. Neno ni lile lile, ukubwa ni mbali mbali kama mbuyu na mchicha.

Neno "chapter" nalo lina hila yake. Katika kitabu cha hadithi au cha mafunzo, "chapter" ni sura, na hapana la kuongeza. Lakini katika vitabu vya Sheria za Kenya, Sheria nzima huhesabiwa kuwa "chapter" moja ya mkusanyo wa sheria zote, nayo hufupishwa kwa kuandikwa "Cap." Neno hilo fupi halina uhusiano na kofia. "Penal Code", yaani sheria ya makosa ya jinai, ni "Cap. 63", sheria ya ushahidi ni "Cap. 80", sheria ya magari na barabara ni "Cap. 403". Basi "Chapter Four" ya Katiba ni sehemu moja ya Katiba, ambamo haki za raia zimeandikwa, bali "Chapter 63" ya Sheria za Kenya ni Sheria nzima yenye mamia ya vipande. Hati ya mashtaka ikisema kwamba mtu ameshtakiwa kwa wizi kinyume cha "section 268(1) as read with section 275 of the Penal Code", maana yake ni kwamba vipande viwili vya Sheria moja vyasomwa pamoja: cha kwanza chaeleza wizi ni kitu gani, cha pili chataja adhabu yake, ambayo yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Jamaa wa mshtakiwa wasidhani kwamba ameshtakiwa kwa makosa mawili. Wamekuwako watu waliouza ng'ombe wa pili kwa hofu ya namna hiyo.

"Part" ni neno linalohamahama. Katika kitabu kikubwa, "Part One" aghalabu hukusanya sura kadhaa, yaani yapita "chapter" kwa ukubwa. Katika Katiba ya Kenya mambo hugeuka, maana "Chapter Four" ndiyo iliyogawanywa kwa "Parts" tano. Katika Sheria ya Bunge, "Part" ni kundi la "sections". Lakini "sections" huhesabiwa mfululizo tangu mwanzo wa Sheria hadi mwisho, hata "Part" mpya ikianza. Kwa hiyo si lazima kutaja "Part" wakati wa kuandika. "Section 41" ni moja tu katika Sheria ya Ajira nzima. Kwa Kiingereza cha nje ya sheria, "part" ni neno la jumla ambalo laweza kutumiwa kwa kitu chochote, nalo si kosa, ila halimwonyeshi mtu mahali. Kusema "a part of the agreement" ni kama kusema kwamba mtu akaa Nairobi.

Vyama vidogo vina majina yao pia. Chama cha ushirika kina "by-laws", na kipande chake chaweza kuitwa "by-law 12". Kanuni zilizotungwa na Waziri kwa mamlaka ya Sheria huweza kuitwa "Regulations" au "Rules", na kipande kimoja huitwa "regulation 5" au "rule 5", si "section 5". Kikundi cha akina mama kilichoandika katiba yake chaweza kuchagua jina lipendwalo. Wajibu wa karani wa kikundi ni kutumia jina lile lile lililochaguliwa, asiandike "article" katika muhtasari wa mwezi huu na "clause" katika wa mwezi ujao. Ikiwa hati yenyewe imejitaja, kwa mfano imeandikwa ndani yake "subject to clause 6", basi imekwisha kumwambia msomaji jina la vipande vyake. Hiyo ndiyo njia ya hakika kuliko zote, nayo haihitaji kamusi.

Je, Kiswahili chenyewe hakina la kusema? Kinalo, na katika jambo hili Tanzania wamekwisha kupanga nyumba yao. Katiba yao ya mwaka 1977 hutumia neno ibara kwa "article", na katika Sheria za Bunge lao kifungu ni "section", kifungu kidogo ni "subsection", na aya ni "paragraph". Kenya mazungumzo ya watu, na mara nyingi magazeti na redio, hutumia kifungu kwa vyote, nayo ibara husikika hapa na pale. Haifai kumlaumu msemaji wa barazani. Lakini mwenye kutafsiri barua kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, halafu mtu mwingine akairudisha katika Kiingereza, hapo ndipo kifungu kimoja huweza kutoka "clause" na kurudi "section", na mtu akafunguliwa kitabu kisicho chake. Karani mwangalifu huandika "kifungu cha 9 cha mkataba" au "kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira", wala haachi kifungu kikining'inia peke yake bila mwenyewe.

Neno "paragraph" limekwisha kutajwa katika sheria, ambako laweza kuwa na maneno matano tu, wala lisiwe hata sentensi kamili. Katika barua, insha au habari ya gazeti, "paragraph" ni fungu la sentensi zinazosimulia jambo moja, na shuleni huitwa aya. Halina nambari, mtu huhesabu mwenyewe kutoka juu, akasema "in the second paragraph of your letter". Tena hati za mahakamani, kama vile kiapo cha maandishi, hugawanywa kwa "paragraphs" zenye nambari, na anayejibu hutakiwa kuzifuata moja moja. Akiacha kuijibu "paragraph 4", hakimu aweza kuona kwamba yaliyomo hayakukanushwa.

Aya, ambayo kwa mwanafunzi ni "paragraph", kwa Mwislamu na Mkristo pia ni jina la kipande cha Maandiko Matakatifu, na hapo Kiingereza chake ni "verse". Mtahiniwa anayetafsiri "aya ya tatu ya habari hii" kwa kuandika "the third verse" humfanya msahihishaji atabasamu, kisha amkate alama. "Verse" ina kazi nyingine mbili. Katika wimbo ni ubeti, kama vile kiongozi wa kwaya asemavyo kwamba wataimba "verse" ya kwanza na ya tatu na kuiacha ya pili. Tena ni jina la utungo wa kishairi kwa jumla, kinyume cha nathari. Kwa ajili ya kazi zake nyingi, mtihani wa mashairi hupendelea "stanza", ambayo maana yake ni ubeti tu, wala haina nyingine ya kumchanganya mtu. Mshororo huitwa "line". Shairi la tarbia lina mishororo minne katika ubeti, na mshororo wa kawaida una vipande viwili vya mizani nane nane. Kipande kimoja cha mshororo chaweza kuitwa "half-line", kisiitwe "part" wala "section". Mwanafunzi aandikapo "in the second line of the third stanza" amekwisha kumshika mkono msomaji na kumfikisha mahali penyewe.

Yako maneno matatu ambayo wanafunzi huyaona kuwa mapacha: "passage", "extract" na "excerpt". "Passage" ni maandiko ya mfululizo yenye urefu wa mistari kadhaa au kurasa kadhaa, ambayo mtu ameyatenga ayasome au ayazungumzie. Halina mpaka uliowekwa na mwandishi, wala halina nambari. Mpaka wake ni macho ya msomaji. Ndiyo maana karatasi ya ufahamu huamuru "Read the passage below". Habari hiyo yaweza kuwa imetungwa kwa ajili ya mtihani wenyewe, isiwe imekatwa kutoka kitabu chochote. "Extract" na "excerpt" lazima ziwe zimekatwa kutoka kitu kikubwa kuliko zenyewe, kama mkate uliokatwa kutoka kwa mkate mzima. Kati ya hizo mbili tofauti ni ndogo. "Excerpt" hutumika kwa maandiko, hotuba, mchezo au muziki, na ndiyo inayoonekana katika maswali ya vitabu vya fasihi vilivyowekwa kwa mtihani. "Extract" hutumika humo pia, na tena kwa nakala ya sehemu ya daftari la ofisini au ya muhtasari wa mkutano, na hata kwa maji yaliyokamuliwa kutoka majani. Mtu asipokuwa na hakika, "extract" haitamtia aibu popote katika maandiko.

Katika sarufi, "clause" huvaa vazi jingine kabisa. Ni fungu la maneno lenye kitenzi chake, na shuleni huitwa kishazi. "Before the sun set" ni "clause". "Before sunset" ni "phrase", yaani kirai, maana hamna kitenzi. Na "sentence" ni sentensi mbele ya mwalimu, bali mbele ya hakimu ni adhabu. Mtu aliyeambiwa na wakili kwamba "the sentence is long" na aulize kwanza ni ipi.

Kuna na jambo dogo la vihusishi, ambalo huonyesha upesi kama mwandishi amezoea kazi hii. Kiingereza husema "on page 5", lakini "in line 7" na "in paragraph 3". Tendo lililofanywa kwa nguvu ya sheria ni "under section 41", wala si "on section 41" kama isikikavyo mara kwa mara. "Article" ya Katiba huandikwa kwa herufi kubwa, bali "section" ya Sheria huandikwa kwa herufi ndogo isipokuwa inapoanza sentensi.

Sasa na arudiwe yule mfanyakazi wa ghala. Usiku wa pili aliutoa mkataba chini ya godoro, akaisoma "clause 9" yenyewe. Kisha akaifungua Sheria ya Ajira, akaanza kwa "section 44" na kuipita kurudi nyuma, mpaka alipofika "section 41". Humo akaona katika "subsection (2)" kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi au kumfukuza kwa "section 44(3)" au "(4)", sharti asikilize na kuyafikiri maelezo ya mfanyakazi huyo. Yeye hakuna aliyemsikiliza; alikabidhiwa karatasi mlangoni. Akazitupa kurasa zake mbili za jana, akaandika hivi:

"In the second paragraph of your letter you say that I broke clause 9 of my contract. I telephoned the supervisor on the sixth day, as that clause requires. I went to bury my mother, and I ask that this be considered as lawful cause under section 44(4)(a) of the Employment Act, 2007. I was not heard before I was dismissed, as section 41(2) of the same Act requires."

Nyuma yake akabana kwa pini nakala ya mkataba, ukurasa wenye "clause 9", na karatasi ya kampuni ya simu inayoonyesha tarehe na saa aliyopiga.